NENO "RENT" KATIKA KARATASI ZETU
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya neno moja la Kiingereza, nalo ni "rent". Najua wako watakaouliza, je, neno hilo lina nini hata tulikalie kikao? Kila mwisho wa mwezi tunalilipa. Sisi tuliosoma shule za misheni tuliambiwa "rent" ni kodi, tukaandika katika daftari, yakaisha. Kumbe hayakuisha.

Kiswahili chetu kina adabu katika jambo hili. Mtu akikuambia, "Nimepanga chumba," unajua yeye ndiye anayelipa. Akisema, "Nimepangisha chumba," unajua yeye ndiye anayelipwa. Lakini Mwingereza husema "I rent a house", nawe hujui kama ni mpangaji au ni mwenye nyumba, mpaka umngoje aongeze "from" au "to". Basi ukipewa mkataba wa Kiingereza, kwanza tafuta hayo maneno madogo, maana ndiyo yanayosema pesa zitatoka mfuko wa nani.

Neno hilo pia lina maana ya nguo iliyopasuka, lakini hiyo haituhusu. Tena wataalamu wa uchumi, tangu David Ricardo alipoandika mwaka 1817, huliita "rent" lile pato apatalo mwenye ardhi kwa kuwa ardhi yake ni bora kuliko ya wengine, wala si kwa jasho lake. Mkiona vyumba vilivyo karibu na stesheni vinapanda bei, na mwenyewe hakuongeza hata tofali moja, hiyo ndiyo waliyokuwa wakiisema.

Na neno "kodi" nalo lina mambo yake. Wazee wetu waliposikia "kodi ya nyumba" hawakufikiri mwenye ploti. Walifikiri Serikali ya kikoloni, ambayo tangu mwaka 1901 ilimtoza mtu kwa kibanda alichojenga kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo msitosheke mtu akiwaambia "rent ni kodi". Mwulizeni, kodi ya nani kwa nani?

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa kwa gharama yake mwajiri, au ampe pesa za kutosha kulipia nyumba, mbali na mshahara. Angalieni hayo: mbali na mshahara. Lakini kifungu hicho hicho kina mlango wa nyuma. Kama mkataba wako unasema kwamba ndani ya mshahara wako imo sehemu ya "rent", basi kifungu hakikuhusu tena. Neno moja tu, na haki imefungwa.

Tuseme watu wawili wanafanya kazi moja. Mmoja karatasi yake inasema mshahara ni shilingi 25,000, na pesa za nyumba 4,000. Mwenzake karatasi yake inasema 25,000, "inclusive of rent". Huyu wa pili alifurahi kuona neno "rent", akadhani ameongezewa. Hakuongezewa kitu. Ameambiwa nyumba ajilipie katika hizo hizo 25,000, naye ametia sahihi.

Tena sheria inasema mlango huo waweza kufunguliwa na mapatano ya chama na mwajiri. Yaani sisi viongozi wenu twaweza kuutoa mezani kwa kalamu yetu, nanyi msijue. Kwa hiyo kabla ya mapatano kutiwa sahihi, dai msomewe kipengele cha nyumba kwa Kiswahili, polepole. Kiongozi akikasirika kwa kuulizwa, mwulizeni mara ya pili.

Jambo la mwisho ni nyumba za kazi. Pesa inayokatwa kwa nyumba hiyo huandikwa "rent" pia katika karatasi ya mshahara, na wengi hudhani imewafanya wapangaji kama wale wa mtaani. Huenda sivyo. Nyumba nyingi za namna hii hupewa mtu kwa sababu ya kazi yake, na kazi ikiisha nyumba hudaiwa. Someni karatasi mliyopewa pamoja na ufunguo: inasema ni lazima mpewe notisi ya siku ngapi? Inasema nini mtu akistaafu, au akifa na kuacha mke na watoto ndani? Kama haisemi, ileteni kwa katibu wa tawi sasa, wakati bado mko kazini, ili tuipeleke mezani pamoja na madai mengine ya nyumba.

Mwenyekiti, nimemaliza. Mwenye karatasi yake mfukoni aitoe tuisome.