Noeli ya Walio Zamu

 

Aliyewahi kufanya kazi Diani, pwani ya Kenya, anajua Desemba ilivyo. Wageni wa Nairobi na wa Ulaya wanajaa mahotelini, na ruhusa hakuna. Wapishi, wahudumu, watandika vitanda, walinzi wa lango: kuna Wakatoliki wengi kati yao waliotoka Ukambani, Taita na Magharibi, na usiku wa Noeli wako kazini. Kukipambazuka utawaona mjini Ukunda, hapo jirani, wakishuka kwenye tuktuk kwenda Misani, sare ya jikoni ingali inanuka vitunguu. Hapa ugenini tunakoishi sasa mambo ni hayohayo. Wengi wenu mnahudumia wazee na wagonjwa, na kila mwaka nasikia mtu akisema Noeli imempita.

Ndugu zangu, haijakupita. Someni Luka, sura ya 2. Waliopewa habari kwanza ni wachungaji, watu wa zamu ya usiku, waliokuwa kondeni wakilinda kundi lao. Kanisa lina Misa ya Noeli ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, na Injili ya alfajiri ni ya wachungaji hao wakienda Bethlehemu. Siku hiyo pia, tukifika katika Kanuni ya Imani pale tunapokiri kwamba Mwana alitwaa mwili, tunapiga magoti. Jumapili za kawaida tunainama tu. Mungu amekuwa mtoto wa kubebwa, kuogeshwa na kunyonyeshwa! Basi wewe unayemgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku, unashika mwili kama ule alioutwaa Mungu. Siwezi kuuita usiku huo usiku uliokosa Noeli.

Na kule nyumbani, jirani zetu Waislamu wa Msambweni wanaifahamu habari ya kuzaliwa kwa mtoto huyo kwa njia yao. Sura ya 19 ya Kurani, Surat Maryam, inamsimulia Bi Maryam akishikwa na uchungu penye shina la mtende, hana mkunga. Mama wa Kidigo anayekuletea sinia ya mahamri tarehe 25 anamjua mama huyo.

Noeli yetu ina oktava, yaani siku nane, 25 Desemba hadi 1 Januari, hivyo si lazima tusherehekee pamoja tarehe 25 yenyewe. Naiomba kamati isipange siku ya sherehe kabla ya kuuliza zamu ya kila mtu. Kwaya ianze mazoezi, na wenye magari wajiandikishe leo kuwachukua wanaotoka kazini asubuhi.