Madaftari ya Wazee Yasifungiwe Karanga

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Temeke)



Tunajua wengine mmeacha biashara mezani na wengine mmeacha ndoo kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo hatutawachosha. Tunataka kuzungumza juu ya jambo moja tu: maktaba ya chuo kikuu, na kazi yetu sisi katika maktaba hiyo.

Haya, tumeanza kusikia kicheko. Mnasema, "Mwalimu, sisi tumesomea chini ya mwembe. Kule Mlimani ni kwa wenye digrii." Hatuwalaumu. Hata sisi tuliopita chuo cha ualimu tulikuwa tunaliogopa lile geti. Lakini kwanza sikilizeni habari ya daftari moja.

Katika mtaa tuliokuwa tukifundisha palikuwa na mzee mmoja. Tulipoandikisha watu wa kisomo, tulimwandika kuwa hajui kusoma. Kumbe mzee yule alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu ujana wake! Alikuwa na daftari nene. Ndani yake mlikuwa na mashairi yake, majina ya dawa za miti, na majina ya watu waliofungua mashamba ya kwanza pale, pamoja na mipaka yao.

Siku moja akatuita. Akasema, "Wanangu, njooni tuliandike hili kwa herufi zenu, ili vijana walisome." Tukamjibu, "Tutakuja, mzee." Akatuita mara ya pili. Tukasema tena, "Tutakuja." Tulikwenda siku ya arobaini yake. Wajukuu wakatuambia makaratasi yote yameuzwa kwa kilo kwa muuza karanga. Tukamfuata mbio. Tulipata karatasi mbili tu, zimelowa mafuta.

Kosa lile halikuwa la wajukuu, wala la muuza karanga. Lilikuwa letu sisi tuliosema tutakuja.

Sasa, maktaba inaingiaje hapa?

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Katika miaka hiyo ya 1960, mtu mmoja aitwaye J. W. T. Allen alizunguka pwani akitafuta maandishi ya Kiswahili ya zamani. Hakuyatafuta kwa wenye digrii. Aliyatafuta majumbani, kwa watu kama mzee wetu. Maandishi hayo yakawekwa katika maktaba ya chuo, na mwaka 1970 orodha yake ikachapishwa kitabu kizima. Zimo tenzi zilizoandikwa kwa mkono, kwa zile zile herufi za Kiarabu.

Mnaona basi? Tunaiogopa nyumba ambayo ndani yake yamo maneno ya babu zetu. Daftari lililopata mtu wa kulipeleka, lipo mpaka leo. La mzee wetu lilikosa mtu.

Tarehe 27 Novemba 2018 ilifunguliwa maktaba mpya pale Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa Serikali ya China. Ina nafasi ya vitabu 800,000. Lakini msidhani ni rafu za vitabu tu. Upo ukumbi wa mikutano. Hufanyika maonyesho ya utafiti na ubunifu, makongamano na sherehe. Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina ipo hapo hapo. Wenzetu Wachina huonyesha namna yao ya kuandika, nyimbo zao na sikukuu zao. Wanafanya vizuri. Mgeni akija na zawadi, mwenyeji hanuni. Lakini mwenyeji naye lazima ajiulize: na mimi nimeweka nini mezani? Ngoma zetu za Kizaramo ziko wapi? Vitendawili vyetu viko wapi? Hadithi ya jinsi Mbagala ilivyokuwa mashamba ya minazi na mikorosho, nani ameiandika?

Msiseme Mlimani ni mbali. Hapa hapa Temeke, pale Chang'ombe, kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE. Zamani palikuwa chuo cha ualimu, na tangu mwaka 2005 ni sehemu ya Chuo Kikuu. Ndugu zetu wa Kinondoni wanacho Chuo Kikuu Huria. Vyuo hivi vina maktaba, na vina wanafunzi wanaotafuta mambo ya kuandika. Mambo hayo mnayo ninyi.

Basi tufanyeje? Tunashauri hivi:

1. Kila kikundi cha kisomo kiwe na daftari la mtaa. Andikeni habari za mtaa, methali, nyimbo za kazi na majina ya zamani ya mahali. Kila habari iandikwe jina la msimulizi na tarehe. Habari isiyo na tarehe ni kama mzigo usio na mwenyewe.

2. Kijana mwenye simu arekodi sauti ya mzee. Lakini simu huibwa, huanguka, huharibika. Kwa hiyo andikeni pia kwa kalamu.

3. Andikeni barua kwa mkuu wa maktaba. Kuandika barua tulijifunza darasani, si ndiyo? Semeni ninyi ni nani, mna nini, na mnaomba siku gani mtembelee. Ulizeni pia utaratibu wa kuingia na kusoma. Ulizeni kuna maonyesho lini, na kama kikundi chenu kinaweza kushiriki.

4. Daftari la asili msilitoe hivi hivi. Toeni nakala kwanza. Mkikabidhi chochote, mpate karatasi yenye saini inayosema kimepokelewa nini na kitatumiwaje. Maktaba haikatai kuulizwa hivyo.

Kuna jambo moja kina mama wametuuliza, na wana haki. Je, nyimbo za unyago nazo zipelekwe? Jibu letu: wenye nyimbo ndio waamuzi. Si kila cha ndani huanikwa uani. Zipo za kuimba mbele ya watu, na zipo za mkekani. Mtu asilazimishwe, hata na mwalimu, hata na profesa.

Ndugu zangu, mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ndiyo Saba Saba yetu, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Siku hiyo watu wengi husimama kukisifia Kiswahili. Tungependa Saba Saba ijayo kikundi hiki kiwe na daftari lililojaa, na barua iliyokwisha kujibiwa.

Zile karatasi mbili tunazo hapa. Mwalimu wa madrasa ametusomea moja. Ina majina saba ya watu, na mpaka wao ulikuwa mkwaju. Mkwaju wenyewe umekwisha kukatwa. Majina yaliyofuata hatuyajui tena, na watu wa mtaa ule mpaka leo wanagombea mpaka.

Bibi yetu uliyekaa pale kwenye mkeka, juzi ulituambia unazo hadithi za mtaa huu. Safari hii hatusemi tutakuja. Tumekuja, na kalamu tunayo. Tuanze sasa hivi, baada ya chai.

Elimu haina mwisho.