Tulimtuma Mungu Sokoni

(Mazungumzo ya ibada ya jioni, kama yalivyosomwa redioni)

Popote ulipo jioni hii, ikiwa ni Bahati au Njoro, ikiwa umekwisha kufunga duka lako mjini Nakuru au ungali jikoni huko Kuresoi ukingojea viazi viive, nakuomba uvute kiti karibu. Neno nililo nalo si jipya, na sehemu yake inanihusu mimi mwenyewe, tena kwa aibu.

Fungua Biblia yako katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa tano. Wengi wetu twaikumbuka sura hiyo kwa ajili ya Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyetakaswa ukoma katika mto Yordani. Tukisha kumwona Naamani akitoka majini tunafunga kitabu na kwenda kulala. Hivyo humkosa mtu mwingine aliye katika sura ile ile, naye ni jirani yetu zaidi kuliko Naamani. Mtu huyo ni Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha.

Naamani alikuwa amekuja na fedha, na dhahabu, na mavazi ya kubadili, ili amshukuru nabii. Elisha akakataa kupokea chochote. Gehazi akaitazama mali ile ikigeuzwa kurudi Shamu, moyo ukamwuma, akapiga mbio nyuma ya gari. Sasa angalia maneno aliyoyasema alipomfikia. Hakusema kwamba yeye Gehazi anataka fedha. Alisema ametumwa na bwana wake. Akasema kuna vijana wawili, wanafunzi wa manabii, wamefika sasa hivi kutoka milimani, nao wana haja. Akaomba talanta moja ya fedha na mavazi mawili, na Naamani, kwa kuwa alikuwa mtu wa shukrani, akamsihi achukue talanta mbili.

Ndugu yangu, Gehazi hakumkana Mungu siku ile. Hakwenda kwenye sanamu. Alichukua jina la nabii, na shida ya wanafunzi wa Neno, na ukarimu wa mtu aliyeponywa jana tu, akayafanya yote kuwa mfuko wa kubebea tamaa yake. Hakumwacha Mungu, bali alimtuma sokoni.

Sisi wahubiri tumezoea kuhubiri juu ya tamaa za dunia kana kwamba zote hukaa kilabuni. Tunasema juu ya pombe, tunasema juu ya ngoma za usiku, tunawasema vijana na mavazi yao, na akina mama wazee wanaitikia amina. Sisemi mambo hayo ni mema. Lakini tamaa iliyolipiga kanisa letu hapa Nakuru kwa kishindo hasa haikutoka kilabuni. Ilifunguliwa kwa sala.

Nasema juu ya mwaka wa 2006 na ule wa 2007. Wale walio na umri watakumbuka jinsi kampuni za upatu zilivyomea kila mji wa Kenya kama uyoga baada ya mvua. Sisemi juu ya vyama vya akina mama vya kuchangiana kwa zamu, ambavyo vimejenga nyumba nyingi na kusomesha watoto. Nasema juu ya ofisi zilizomwambia mtu alete shilingi elfu kumi, na baada ya miezi michache achukue elfu ishirini, bila duka, bila shamba, bila ng'ombe. Na huku kwetu watu walikuwa na kiu ya fedha. Malipo ya pareto yalikuwa yamechelewa, kwa wengine miaka na miaka, hata wakulima wa Molo na Mau wakaing'oa na kupanda viazi. Mtu aliyekwisha kungoja haki yake hivyo, ukimwambia fedha itakuja baada ya miezi mitatu, atakusikiliza.

Mahali pa kuzihubiri kampuni hizo pakawa kanisani. Maneno yenyewe yalichukuliwa kwetu. Kuleta fedha kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Nani Mkristo asiyependa mbegu na mavuno?

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na zamu ya kuhesabu sadaka ilikuwa yangu. Nilipanda elfu kumi katika kampuni moja ambayo sitaitaja, nikavuna elfu ishirini. Jumapili iliyofuata nilisimama wakati wa ushuhuda, nikasema Bwana ametenda. Kanisa likapiga makofi. Katika kiti cha tatu kutoka nyuma alikuwapo mama mmoja mjane kutoka upande wa Molo, aliyekuwa akisali nasi kila alipokuja kumwona binti yake mjini. Baada ya ibada alinifuata nje, akaniuliza kwa upole, "Mzee, hata mtu kama mimi anaweza?"

Aliuza ng'ombe wake wawili wa maziwa. Akaja na shilingi elfu arobaini zimefungwa katika leso. Nikampeleka mwenyewe hadi ofisini, ghorofani, na kabla ya kumkabidhi karani fedha zile nikamshika mkono nikaomba.

Hebu nikueleze jinsi kazi ile ilivyokwenda, maana hata leo wako wasioijua. Ile elfu ishirini niliyoishuhudia haikuzaliwa mahali popote. Ilikuwa fedha ya watu walioingia baada yangu. Ili mtu mmoja alipwe maradufu, lazima waje wawili nyuma yake wenye kiasi kile kile. Wale wawili wakitaka kulipwa, waje wanne. Hesabu kwa kalamu, ndugu msikilizaji. Ukifika mzunguko wa kumi unahitaji watu 1,024. Ukifika mzunguko wa ishirini na moja unahitaji watu 2,097,152, na hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilikuta kaunti nzima ya Nakuru ina watu 2,162,202, pamoja na watoto walio mgongoni. Ni hesabu ya mtoto wa shule. Sisi tuliokuwa tukihesabu sadaka kila Jumapili bila kukosea hata senti hatukuifanya, kwa sababu hatukutaka jibu lake.

Katika mwaka wa 2007 milango ilifungwa. Kikosi kilichoundwa na serikali kilichunguza jambo hilo, na taarifa yake ya mwaka wa 2009 ilitaja Wakenya zaidi ya 148,000 na hasara ya shilingi zaidi ya bilioni nane. Wala usidhani ni Kenya tu. Jirani zetu Tanzania walikuwa na DECI, nayo ilisema lugha hiyo hiyo ya kupanda na kuvuna, na wachungaji walikuwa miongoni mwa viongozi wake. Serikali iliisimamisha mwaka wa 2009, na mwaka wa 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi yao.

Nirudi kwa yule mama. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mnajua yaliyotupata katika Bonde la Ufa. Sitayafukua jioni hii. Watu wa Molo na Kuresoi walikimbia na vitu vya kubeba kichwani, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema. Kanisa letu lilikusanya mahindi, maharagwe na mablanketi, nami nikawa miongoni mwa waliopeleka. Nilikuwa nikipimia watu mahindi kwa mkebe nilipouona mkono ukinyosha mfuko, nikainua macho, akawa ni yeye.

Hakupiga kelele. Hakuniuliza habari za fedha. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, na ng'ombe ambao wangeweza kuswagwa mpaka mjini na kuuzwa hakuwa nao, maana tulikwisha kuwauza. Alisema tu, "Mzee, siku ile pale ofisini uliomba. Uliomba nini?"

Nilimjibu kwamba niliomba Mungu aibariki fedha yake. Ndiyo, maneno niliyoyatamka yalikuwa hayo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye hakulijua. Kwa kila mtu uliyemleta, kampuni ilikupa kitu kidogo. Mimi nilipewa shilingi elfu mbili kwa ajili yake. Nilizipokea mlango wa pili, yeye akiwa chini barabarani ananingoja ili tuondoke pamoja. Nilipokuwa nimefumba macho na kumshika mkono, hizo elfu mbili ndizo nilizokuwa nikiziona.

Nilimjazia mfuko wake mahindi, nikamwongezea mkebe mmoja. Hata ule mkebe wa kuongeza, Mungu anisamehe, ulikuwa wa kanisa.

Usiku ule nilirudi katika sura hii ya Gehazi. Liko jambo ndani yake ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kuliona. Gehazi alipofika nyumbani alizificha zile fedha, kisha akaingia akasimama mbele ya bwana wake, kama ilivyo desturi. Alirudi katika ibada! Alisimama mahali pake pa kila siku, tayari kwa kutumwa. Na Elisha alipomkemea hakumtajia fedha na mavazi peke yake. Alimtajia mashamba ya mizeituni na ya mizabibu, na kondoo na ng'ombe, na watumishi. Vitu hivyo vilikuwa wapi? Naamani hakumpa mzabibu hata mmoja. Vilikuwa katika moyo wa Gehazi. Njiani kutoka kwa Naamani alikuwa amekwisha kuvinunua vyote, na nabii akamsomea orodha.

Yangu ilikuwa na ploti moja upande wa Lanet na matatu moja ya kwenda Gilgil. Nilikuwa nimekwisha kulichagulia rangi.

Sisemi kwamba ploti ni dhambi. Mtu apande, ajenge, asomeshe watoto, na Mungu amsaidie. Elisha naye hakusema mizeituni ni mibaya. Lakini jiulize ni nani hutumwa na mwenzake. Je, mali inatumwa na Mungu kazi yake, au Mungu anatumwa na mali kama kijana wa dukani, nenda ulete, nenda uulize bei, fanya haraka? Maombi yetu mengi, ukiyasikiliza vizuri, ni maagizo ya sokoni. Na siku hizi mambo ni mepesi zaidi. Mhubiri anaonekana kwenye televisheni, na chini ya picha yake imeandikwa nambari ya M-Pesa ya kupandia mbegu. Kijana anapiga magoti, kisha anaweka nauli yake ya juma zima katika kamari ya mpira kwenye simu, na akishinda analeta fungu la kumi, nasi tunalipokea bila kumuuliza. Twaogopa kumuuliza, kwa sababu paa la kanisa halijakwisha.

Wazee wetu wa Uamsho waliuliza. Uamsho ule ulianza Gahini katika Rwanda, ukapita Uganda, ukafika Kenya katika mwaka wa 1937, na mtu aliyeguswa nao alirudisha jembe aliloiba na kulipa deni alilolikana. Walikuwa wakali mno wakati mwingine, hilo nakubali, na wengine walifanya kanuni hata juu ya mambo madogo. Lakini waliita jambo hilo kutembea nuruni, na nuru yao ilifika mpaka mfukoni.

Nilikaa na habari ile miezi miwili. Nilijiambia kwamba hata mimi niliibiwa, na hilo ni kweli, maana ile elfu ishirini niliipanda tena yote ikapotea. Nilijiambia vita vimekuja, nani atakumbuka. Kila Jumapili nilihesabu sadaka. Mwezi wa Machi 2008 nilisimama mahali pale pale niliposhuhudia, nikasimulia habari yote, pamoja na zile elfu mbili. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji aliniondoa katika zamu ya sadaka, naye alifanya vema.

Yule mama alikuwapo. Nilitazamia kwamba atalia, au ataniambia amenisamehe, kama tunavyosoma katika vijitabu. Alinijia nje chini ya mti, akakaa juu ya jiwe, akasema, "Sasa lete daftari tuandike."

Tukaandika elfu arobaini, na elfu moja kila mwezi. Alikuwa hajui kusoma sana lakini tarakimu alizijua barabara, na kila mwezi aliandika mwenyewe. Tulimaliza mwaka wa 2011. Daftari hilo lingali nyumbani kwangu. Mwezi wa Desemba 2009 niliishiwa, nikamwomba aruke mstari. Hakuruka. Aliandika tarehe, na mbele yake akaweka sifuri.

Wiki ijayo, Bwana akipenda, tutasoma mlango wa sita, habari za yule kijana aliyeangusha shoka majini, nalo lilikuwa la kuazima. Usiku mwema.