Pale Maji Yalipofika



Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa pili Kigogo, hapa Dar es Salaam, masika yakiwa yameisha tu. Tukapiga hodi kwa mama mmoja. Ili kuingia ilitubidi kuvuka ukuta mfupi wa tofali, kimo cha goti, alioujenga mlangoni, kisha tukashuka ngazi mbili hadi sebuleni. Kila mguu wa kitanda ulikaa juu ya matofali manne. Ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa, ulipita mstari wa kahawia uliozunguka chumba kizima. Kijana mmoja akatoa futi kamba kuupima. "Huo ni wa mwaka huu, mwanangu," mama akamwambia. "Ule wa 2011 uko hapa." Akanyoosha mkono, akagusa mbao ya dari.

Mkononi tulikuwa na ramani nzuri, ya rangi. Ilionyesha barabara, mipaka ya kata, hata nyumba moja moja. Maji hayakuwamo. Jioni hii nataka kusema juu ya pengo hilo. Dar es Salaam tumeipanga kwa muda mrefu kana kwamba maji hayana kwao, na kana kwamba anayeishi bondeni amekosa akili tu. Maji yana kwao, na anayeishi bondeni ana sababu zake. Mpango unaolijua moja na kulisahau jingine utavunjwa na lile lililosahauliwa.

Naanza na maji. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unapokea mito midogo njiani, unatanda Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Salenda. Zamani sehemu kubwa ya mvua ya huko juu ilizama ardhini au ilishikwa na majani. Leo inadondokea mabati, lami na nyua zilizosakafiwa, na kwa kuwa haina pa kuzama, inakimbilia bondeni yote kwa saa chache. Njiani inabomoa kingo zilizochimbwa mchanga na kuzoa taka ambazo gari halikuzifikia. Mzigo huo wote hutuliwa Jangwani, mahali ambapo ardhi ni tambarare na mto hupunguza mwendo. Sakafu ya mto inapanda. Ndiyo maana daraja lililotosha jana leo halitoshi, hata mvua ikiwa ile ile. Ndiyo maana pia Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na usafiri wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza 2016 kwa matumaini makubwa, husimama. Karakana ya mabasi yenyewe ilijengwa humo humo bondeni.

Waliotutangulia walijua kwamba mabonde si mahali pa kujenga. Mpango kabambe wa 1949 uliyaacha mabonde wazi yawe njia za upepo wa bahari kuingia mjini. Ule wa 1979 uliyahesabu mabonde kuwa ardhi ya hatari. Ni haki kukumbuka pia kwamba si kila nafasi ya wazi mjini hapa iliachwa kwa nia njema. Mnazi Mmoja iliwekwa na wakoloni kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na watu wa uhindini na uzunguni. Nia ile ilikuwa mbaya, lakini leo kivuli cha pale ni cha kila mtu, na mimi nitampinga yeyote atakayetaka kukipunguza hata kwa mita moja.

Basi kwa nini mabonde yalijaa watu? Mama wa Kigogo hutoka alfajiri kwenda soko la Ilala kwa miguu, akachukua nyanya na vitunguu, akarudi kuuza kibarazani. Mtaji wake unatosha tenga moja. Nauli ya kwenda na kurudi ikiingia katika hesabu ile, faida imekwisha. Kiwanja kilichopimwa kipo, tena kikubwa, lakini kiko pembeni kabisa mwa mji. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 mkoa huu ulitoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wao riziki yao iko katikati ya mji. Kama hatukuwapimia mahali karibu na kazi, walijipimia wenyewe, na ardhi iliyokuwa imebaki karibu ni ile ya mto.

Desemba 2011 mvua iliua watu zaidi ya 40 jijini. Serikali ikawapa waathirika wengi viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa mji. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na siibezi. Lakini baadhi yao walirudi bondeni, wakijua fika hatari waliyoirudia. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X kwenye nyumba za bondeni, na matingatinga ya kuzibomoa. Baada ya kifusi kuzolewa, swali lilibaki pale pale: mtu huyu atalala wapi ili asubuhi awe sokoni kwa miguu?

Hapa niseme neno juu ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Naiunga mkono sheria hiyo. Ila Msimbazi ni mto unaohama. Unakula ukingo huu, unajaza ule. Nimeonyeshwa Vingunguti nyumba ambayo mwenyewe alipoanza msingi alikuwa mbali na maji kiasi cha kutoyasikia, na leo choo chake kinaning'inia ukingoni. Huyu ndiye aliyeufuata mto, au mto ndio uliomfuata? Mahali pengine maji hutanda mita 300, na mahali pengine kingo ziko juu kiasi kwamba hata mita 30 ni pakavu. Ningependa mpaka wa kutojenga ufuate pale maji yalipofika, si urefu wa kamba peke yake.

Na pale yalipofika panajulikana. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi waliingia vichochoroni na simu zao, wakachora mifereji, madaraja na maeneo yanayofurika, wakiwauliza wenyeji mtaa kwa mtaa. Kabla yao, miaka ya tisini, wakazi wa eneo la Hanna Nassif walichimba mitaro yao wenyewe kwa ujira, wakasimamia kazi wenyewe. Mtaro uliochimbwa na jirani yako huutupii taka kirahisi. Hawa ndio wataalamu ambao mpango ungepaswa kuanza nao, na mara nyingi tumewaita siku ya uzinduzi tu.

Sasa kuna Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022. Nia yake ni kuupa mto nafasi, kuinua daraja la Jangwani, kuiondoa karakana bondeni na kutengeneza bustani kubwa ya mji. Nimeufurahia kwa dhati. Kwa mara ya kwanza mto umehesabiwa kuwa na haki ya ardhi. Hofu yangu ni moja. Bustani hupandisha thamani ya viwanja vinavyoizunguka. Ardhi itakayoinuliwa kando yake ikigawiwa kwa anayelipa zaidi, muuza nyanya atafidiwa, atasogea bonde la jirani, na tutamkuta huko na futi kamba zetu. Naomba, na waheshimiwa mko hapa mnanisikia, sehemu ya ardhi ile ya juu itengwe kwa nyumba za kupanga za bei ndogo, ghorofa tatu nne, kwa wale wale waliotoka chini. Wabaki umbali ule ule na soko.

Siku ile tulipoaga, mama alimuuliza yule kijana: huko mtakakotuhamishia, kufika Ilala ni shilingi ngapi? Kijana alitazama fomu yake, hakuona pa kuandika. Mwaka huu fomu tumeibadilisha. Ina safu ya mahali maji yalipofika, kwa sentimita kutoka sakafuni, na pembeni yake safu ya kazi ya mkazi, iko wapi na anafikaje. Jumatatu tunaanza Vingunguti, saa moja asubuhi, na wenyeviti wa mitaa wameshakubali kutuongoza.