Kidonda cha Mbwa ni Habari ya Nyumba Nzima

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa mifugo katika semina ya siku moja ya kamati za maendeleo za parokia. Tumeyachapa kwa maombi ya washiriki.



Mmezoea kunisikia nikizungumzia ng'ombe wa maziwa na mbuzi wa kopa-lipa. Leo nimeomba nizungumzie mbwa na paka. Najua wapo watakaocheka. Lakini mbwa ndiye anayelala nje akilinda banda la mbuzi wale wale wa mradi, na paka ndiye anayelinda mahindi ghalani. Wakiugua, hakuna anayewatengea hata shilingi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na mzee mmoja ambaye mbwa wake alirudi alfajiri akiwa na kidonda begani. Nilikata manyoya, nikaosha, nikachoma sindano. Baada ya wiki mbili kidonda kilifunga, na mzee akanizawadia jogoo. Sikumuuliza swali moja tu: nani amemuuma? Wiki ya sita mbwa yule aliacha kula, sauti ikabadilika, akamuuma mjukuu wa mzee mkononi. Mtoto alipona kwa sababu bibi yake alimwosha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha wakamkimbiza hospitali akachanjwa. Mzee aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na gharama nyingine. Mimi nilitibu kidonda, nikayasahau meno yaliyokifanya.

Kwa hiyo naomba tushike mambo matatu.

Kwanza, vidonda. Mnyama mwenye maumivu huuma hata bwana wake. Mbwa mfungeni mdomo kwa utepe wa kitambaa, isipokuwa kama anapumua kwa shida. Paka mviringisheni kwenye taulo. Vaeni glovu. Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi dakika tano hadi kumi bila kufunua funua. Kisha kateni manyoya kuzunguka kidonda na mkioshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Tundu la jino linaonekana dogo kwa nje, lakini uchafu umeingia ndani, msilizibe. Paka waliopigana mara nyingi hutunga jipu siku chache baadaye, nalo linahitaji mtaalamu. Kidonda chenye mabuu kisimwagiwe petroli wala dawa ya mbu. Yatoeni kwa kibano, osheni, mwiteni afisa mifugo.

Pili, ngozi. Mbwa anayejikuna usiku kucha, aliyenyonyoka masikioni na viwikoni, mara nyingi ana upele unaoletwa na utitiri. Watu wa nyumbani nao wanaweza kuwashwa. Vijijini kwetu dawa maarufu ni oili chafu ya gari. Ndugu zangu, oili hiyo huunguza ngozi, na mbwa akijilamba inamwingia tumboni kama sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo, ikikorogwa kwa kukisia, imeua mbwa wengi. Zipo dawa za upele za sindano, vidonge na za kuogesha. Kipimo kinafuata uzito, basi mwacheni mtaalamu apime. Paka mwenye mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya huenda ana choa, na watoto wanaombeba huambukizwa. Mtibuni paka pamoja na mtoto. Tena angalieni: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini yaweza kumuua paka, na kidonge kimoja tu cha panadoli chaweza kumuua vilevile.

Tatu, kichaa cha mbwa. Mbwa au paka akiumwa na mnyama asiyejulikana, toeni taarifa siku hiyo hiyo, na mtengeni mpaka afisa mifugo aamue. Wapo wanaoamini kwamba ulimi wa mbwa huponya vidonda. Si kweli; mate ya mbwa mwenye kichaa yakigusa mchubuko ni hatari kama kuumwa. Mtu aliyeumwa au kulambwa kidondani aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Duniani ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huupata kwa mbwa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kisiwani Pemba chanjo iliumaliza mwaka 2014; ukarudi mwaka 2016, na chanjo ikabidi ifanywe upya. Kazi hii haitaki kufanywa mara moja na kuachwa.

Ombi langu kwa kamati: kila kigango kiwe na sanduku lenye sabuni, chumvi, pamba, bandeji, mkasi, kibano na glovu. Andikeni orodha ya mbwa na paka wote, mpange siku ya chanjo kila mwaka pamoja na ofisi ya mifugo ya wilaya. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, inafaa. Kwa wafadhili: mnapotoa mbuzi kwa familia, wekeni na chanjo ya mbwa anayewalinda, na akiba ndogo ya nauli ya mtoto atakayeumwa. Hela hiyo ni ndogo kuliko bei ya mbuzi wawili wa yule mzee.

Nami tangu siku ile, kabla ya kufungua begi langu, huuliza kwanza: nani amemuuma?