Mashine iliyowapa Simba kombe

Jioni moja hivi karibuni nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi simu hapa Ifakara, nikingoja simu yangu itengenezwe. Pembeni yangu wanafunzi wawili wa kidato cha tatu walikuwa wakibishana juu ya Simba. Mmoja anakaa mjini, na kwao bando halikatiki. Mwenzake anatoka ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Wazazi wake hulima mpunga mbondeni, naye likizo huimalizia juu ya dungu akiamia ndege. Huko alicho nacho ni redio ya betri.

Yule wa mjini alikuwa na podikasti isiyotangazwa na mtu. Kaka yake aliiagiza programu ya akili mnemba itunge kipindi juu ya historia ya Simba, na baada ya dakika chache sauti mbili, ya kiume na ya kike, zikawa zinaongea Kiswahili safi, zikicheka na kukatizana kama watu waliozoeana. Nakiri, mimi ninayekula kwa kutangaza, moyo ulishtuka.

Kisha ile sauti ya kiume ikasema Simba ilitwaa Kombe la CAF mwaka 1993.

"Uongo," akasema yule wa ng'ambo. "Babu alikuwepo uwanjani."

Alikuwa sahihi. Fainali ile Simba ilitoka sare 0-0 na Stella kule Abidjan, ikaja kufungwa 2-0 hapa nyumbani, Dar es Salaam. Wenye umri wangu hatujasahau. Lakini mwenzake alimjibu: "Wewe huna hata simu, utajuaje?"

Jibu hilo ndilo lililonileta kwenu leo.

Wenzetu wa nje wamekwisha kuanza mambo haya. Mwaka 2023 mashindano ya Wimbledon yalitumia akili mnemba kutangazia vipande vya video. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, NBC ya Marekani iliwapa watazamaji muhtasari wa kila siku kwa sauti ya mtangazaji Al Michaels iliyoigwa na mashine, kwa ridhaa yake. Ila pale kulikuwa na wahariri waliokagua kabla ya kurusha. Kwenye benchi la fundi mhariri alikuwa mjukuu wa mtu aliyekwenda uwanjani, na alinyamazishwa.

Shuleni simu ni marufuku, na sababu zake tunazijua. Matokeo yake, mwenye simu kwao hujifunza mashine hii peke yake usiku, bila wa kumwambia kwamba nayo hukosea. Asiye nayo hajifunzi kabisa.

Rafiki yake alipoondoka, kijana wa ng'ambo alinisogelea. "Shikamoo mjomba. Hiyo mashine inaweza kunisomea notisi za Baiolojia?" Nikamwambia inaweza. Akauliza bei ya simu. Nilipomtajia, akahesabu magunia ya mpunga kwa vidole, akashukuru, akaenda kutafuta usafiri wa kuvuka daraja.

Pendekezo langu ni dogo. Mwalimu mmoja apakue kipindi kimoja kwa wiki, akiweke kwenye memori kadi, akipige kwa spika darasani, na wanafunzi wote, wa mjini na wa ng'ambo, wapewe kazi ya kutafuta makosa. Halafu wafanye vivyo hivyo kwa Baiolojia. Nimelipeleka wazo hili katika shule moja. Nimeambiwa nirudi na barua.