Kupamba Vyombo vya Ofisi kwa Rangi



Leo twapenda kunena juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kuvipamba kwa rangi vyombo vya ofisi vilivyo vitupu: kopo la kalamu, sanduku la chaki, ubao wa kubania karatasi na jalada la daftari. Sisi tufundishao walimu huku Kasulu twaona ya kuwa si mchezo. Katika shule nyingi, hapa na kule Kibondo, meza moja hutumiwa na walimu kadha wa kadha. Kopo lililo tupu halina mwenyewe: leo latiwa kalamu, kesho lachotewa maji, kesho kutwa halionekani. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza ya kuwa rangi nayo ni daftari, kwa maana kitu kilichopambwa hutambulikana tokea mlangoni, na aliyekipamba hukilinda.

Wala msidhani ya kuwa kazi hii yataka mali nyingi. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege mjini Dar es Salaam, juu ya vipande vya mbao nyembamba za dari, kwa rangi zile zile zilizopakwa baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Miaka minne tu aliifanya kazi ile, walakini wanafunzi wake waliishika, na hata leo wafuasi wa mtindo wake hupamba sinia, sahani na visanduku. Na karibu nasi zaidi, ng'ambo ya Rusumo, wanawake wa Nyakarambi katika nchi ya Rwanda hufanya imigongo, yaani michoro ya pembe na mistari iliyofinyangwa kwa samadi na majivu, ikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mfano huo watufaa sana, kwa kuwa mstari ulionyoka ni mwepisi kwa mkono usiozoea. Asiyejua kuchora na atazame kikapu kilichosukwa vizuri nyumbani kwao, ahesabu jinsi rangi zinavyopokezana.

Njia ya kazi ni hii. Lioshe kopo kwa sabuni hata mafuta yaishe, kwani rangi haishiki juu ya mafuta. Likwangue kwa msasa, ulipanguse vumbi. Paka rangi ya chini, iwe nyembamba, uiache ikauke kabisa. Mwenye haraka huona rangi ya pili ikiivuruga ya kwanza. Kisha piga mistari kwa penseli, ndipo ujaze rangi nyingine mbili, zisizidi. Ikiwa chombo kina namba ya mali ya shule, usiifunike.

Sasa liko neno zito. Baadhi ya rangi za mafuta zimetiwa madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Basi kabla ya kununua, someni maandishi ya mkebe, mtafute rangi iliyoandikwa kwamba haina risasi. Penseli, rula na kila kitu ambacho mtoto hutia kinywani, tusikipake kamwe. Wala tusikwangue rangi kuukuu ya madawati, maana vumbi lake laweza kuwa sumu. Kazi na ifanywe penye hewa, na mikono inawiwe kabla ya kula.

Mwalimu kijana aendaye kufundisha vijijini asingoje sanduku jipya kutoka mjini. Na alitwae lile kuukuu, alipambe kwa uangalifu, aliweke mezani mbele ya darasa. Watoto wataona, pasipo hotuba, ya kuwa kitu cha wote nacho chastahili kutunzwa.